Maafisa Elimu Kata: posho ni ile ile nchi nzima, maisha je? Tupeane uzoefu

Wakuu, poleni na majukumu. Posho ya madaraka ya Afisa Elimu Kata, yaani msimamizi wa shule za kata, hapa Tanzania tunajua ni 250,000 kwa mwezi tangu 2016, uwe Temeke, Dar, au Kalambo, Rukwa. Mshahara nao ni TGTS ile ile, ngazi za mishahara ya walimu serikalini. Mliokaa mikoa tofauti, wapi hela hii inakaa mfukoni? Mnaokatwa 15% ya bodi ya mikopo semeni pia, maana hesabu yenu ni nyingine kabisa.

Chaki Nyeupe: Nilianzia Mbagala. Chumba na sebule, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ila kata ni ndogo, shule zote nazifikia kwa mguu au daladala moja. Nikahamia Sumbawanga vijijini: nyumba nzima kwa chini ya nusu ya kodi ile, mahindi na maharage nanunua kwa debe wakati wa mavuno. Wenzangu wakasema nimeula. Tatizo ni mafuta ya pikipiki. Bei kikomo ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, yenyewe iko juu kwetu tulio mbali na bandari, na kijijini petroli inauzwa kwenye chupa, hapo bei anapanga muuzaji. Shule ya mwisho kwenye kata yangu ni safari ya asubuhi nzima, masika usiseme.

Mwana wa Mwalo: Wewe una barabara, mkuu. Mimi niko kisiwani Irugwa, Ukerewe. Kikao wilayani ni boti hadi Nansio, na ziwa likichafuka unalala huko kwa hela yako. Samaki tunakula, sikatai. Sukari na saruji ndiyo utalia.

Tatu Mkato: Wenye nyumba za serikali msichangie 😂

Binti Lamu: Huku Kenya TSC, tume ya walimu, hupanga marupurupu ya nyumba kulingana na eneo, Nairobi ndiyo juu. Lamu tunaongezewa ya mazingira magumu. Ukisikia hivyo utadhani tumeshiba, kumbe zoni yangu, eneo la shule ninazosimamia, ni visiwa. Nauli za boti humeza nyongeza yote kabla mwezi haujafika katikati.

Mleta mada: Chaki, kwa hiyo nikiomba uhamisho kuja huko nitapata nafuu?

Chaki Nyeupe: Kodi utapumua. Ila ukiomba mwenyewe hulipwi gharama za uhamisho, lori la vyombo kutoka Dar ni juu yako.