Uzamivu katika sheria ya ugaidi na haki za binadamu: je, fani hii inalisha?

Mwanasheria_Chipukizi:
Ndugu wanajukwaa, nimemaliza shahada ya uzamili ya sheria hapa Dar es Salaam na natamani kuwa mhadhiri atakayechunguza pale sheria za kupambana na ugaidi zinapogongana na haki za binadamu. Wapo wanaonionya kwamba nitaonekana mtetezi wa magaidi, na mimi mwenyewe sijui kama ajira ipo. Naomba mwongozo wa wenye uzoefu.

Mwalimu_Mstaafu:
Mdogo wangu, cheo kinachojulikana zaidi katika fani hii ni cha Mtaalamu Maalumu wa Umoja wa Mataifa wa haki za binadamu katika kupambana na ugaidi, kilichoanzishwa mwaka 2005. Wamekishika Martin Scheinin, Ben Emmerson, Fionnuala Ní Aoláin na, tangu 2023, Ben Saul. Ukimwondoa Emmerson, ambaye ni wakili, wote ni maprofesa, wala si ajabu, kwa kuwa kazi hiyo haina mshahara na anayeifanya hulishwa na chuo chake. Nawe hutaajiriwa kwa sababu ya ugaidi. Utaajiriwa kufundisha jinai, katiba au sheria ya kimataifa, na ugaidi utakuwa utafiti wako. Kuhusu wanaokuonya, waambie kwamba ripoti ya Ní Aoláin ya mwaka 2023 kuhusu Guantánamo, gereza la Marekani la watuhumiwa wa ugaidi, ilianza na haki za waathirika wa mashambulizi ya Septemba 11, ndipo ikafika kwa wafungwa.

Wakili_wa_Pwani:
Naongeza jambo moja: anza na hukumu. Andiko langu la kwanza lilirudishwa mara mbili kwa sababu nilitaka kuandika juu ya ugaidi na haki za binadamu Afrika Mashariki nzima, mada ya kutosha watu kumi. Nilipona nilipoikamata kesi moja, ile ya Februari 2015 ambapo majaji watano wa Mahakama Kuu ya Kenya walifuta vifungu vinane vya sheria ya marekebisho ya usalama ya 2014. Kimojawapo kiliweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini, kingine kikawabana waandishi wa habari. Kwa hiyo ukiisoma kesi hiyo vizuri utajikuta umesoma pia sheria ya wakimbizi na ya habari.

Mwanasheria_Chipukizi:
Nawashukuru sana. Je, nikijifunga kwenye dhamana peke yake? Kwetu Tanzania kosa la ugaidi halina dhamana kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ilhali Katiba ya Kenya inamwachia hakimu apime kama kuna sababu nzito za kuikataa.

Wakili_wa_Pwani:
Inatosha kabisa. Hukumu zilizochapishwa unaweza kuanza kuzisoma leo, lakini ukikusudia kuwahoji watuhumiwa au familia zao, omba mapema kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia.