Naombeni ushauri: pua imeziba msimu mzima, antibaotiki hazifui dafu

Mkorosho_Mkavu (Tandahimba): Wakuu, heshima kwenu. Tangu tupulize mikorosho salfa ya ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu) mwaka jana, pua zote mbili zimeziba, kamasi zito linashukia kooni. Harufu sisikii kabisa; juzi mboga imeungua, mama watoto anapiga kelele toka uani, mimi nimekaa pembeni ya jiko sina habari. Duka la dawa wananipa antibaotiki, napata nafuu kidogo, inarudi. Pumu ninayo, ilinianza ukubwani. Ni salfa hii?

Bi_Mikindani: Pole mwanangu. Jifukize mwarobaini, mjukuu wangu ulimsaidia.

Tabibu_Kusini: Bibi shikamoo. Mvuke hautoi uvimbe wa namna hii, na maji ya moto yameunguza wengi. Mkuu, ukimeza diklofenaki au aspirini kifua kinakuwaje?

Mkorosho_Mkavu: Duh! Nilimeza diklofenaki ya mgongo, muda si mrefu nikawa natafuta pumzi. Nikajua pumu imeamka tu.

Tabibu_Kusini: Usiziguse tena, na ibuprofeni pia. Kila unapotibiwa sema. Pumu ya ukubwani, nyama za pua na kubanwa na dawa hizo mara nyingi huandamana. Hapo shida kubwa si bakteria, ni kinga yako mwenyewe: chembe nyeupe ziitwazo eosinofili zinajazana kwenye utando wa pua, kemikali kama intalukini-5 zinaziita zaidi, utando unavimba mpaka unaota vinyama laini. Antibaotiki itaua nini hapo? Salfa inakera pua, ila sidhani kama ndiyo mzizi.

Dalili zikivuka wiki 12 ni ugonjwa sugu. Mwone daktari wa masikio, pua na koo achungulie kwa kamera. Tegemeo ni steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, ya kupuliza puani kila siku. Yale matone ya kuzibua ukizidisha wiki, pua inaziba kuliko mwanzo. Osha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa.

Mmakonde_Newala: Mimi nilikatwa vinyama Dar. Nikaacha kupuliza dawa ya puani, vikarudi.

Tabibu_Kusini: Kisu hakibadilishi kinga. Kuna sindano ya dupilumab, inayotuliza kinga hiyo, Marekani waliiruhusu kwa vinyama hivi 2019, ila bei yake utauza shamba.

Mkorosho_Mkavu: Shamba siuzi 😂 Na salfa msimu huu?

Tabibu_Kusini: Apulize kijana, avae barakoa. Wewe kaa upande upepo unakotoka.