Nina miaka 53, mkanda mweupe, ubavu umeniachia: niendelee na jiu-jitsu au basi?

MkandaMweupe53:

Wakuu habarini. Naomba ushauri wa watu wazima, na nasema watu wazima kweli.

Nilianza jiu-jitsu ya Kibrazili miezi minane iliyopita. Sikuwahi kuwa mwanamichezo, kazi yangu ni ya kiti mchana kutwa, lakini mchezo huu umeniteka. Wiki sita zilizopita, raundi ya tano ya jioni ile, kijana wa miaka 24 hivi aliniwekea goti tumboni. Nikajipinda kwa nguvu zote nimtupe. Nikasikia "ko!" ubavu wa kulia. Daktari akasema mfupa mzima, gegedu ndilo limeumia. Wiki tatu za mwanzo, nikihisi chafya inakuja, nilikuwa namwomba Mungu aiahirishe.

Sasa naweza kulalia upande huo. Mke wangu ameficha gi yangu, lile vazi la mazoezi (najua ilipo, nimenyamaza tu). Swali langu: mtu wa umri huu anafanyaje mazoezi haya asivunjikevunjike? Vijana wanakuja mara tano kwa wiki. Mimi nilikuwa naenda mara tatu mfululizo, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, na Jumamosi nashuka ngazi kinyumenyume. Halafu nikikataa raundi najiona mwoga. Nawasilisha.

Mchokozi_Mkuu:

Mzee, drafti ipo. Haijawahi kumvunja mtu ubavu.

BibiKabali:

Mdogo wangu, pole sana. Mimi nina 61, mkanda wa kahawia, nilianza na miaka 47. Huyo wa drafti mwache, goti lake nalo lina siku yake.

Nimeisoma habari yako mara mbili. Yule kijana simlaumu. Umeandika mwenyewe "raundi ya tano", ukaandika tena "kwa nguvu zote". Hapo ndipo ubavu ulipokwenda. Goti likishakaa tumboni nyonga zako zimebanwa chini, na ukilazimisha kifua kigeuke peke yake, gegedu ndilo linalolipa deni. Dawa yake iko sekunde mbili nyuma: viwiko vigande mbavuni, ulale ubavu kabla hajatua, mkono kwenye goti lake, kisha nyonga iteleze nje kwanza na mabega yafuate. Umechelewa? Gonga, yaani mpige mwenzako kiganja kidogo ajue umekubali na akuachie. Watu wanadhani mtu hugonga kwa kabali au kufuli la mkono tu. Mimi nagonga kwa uzito mtupu karibu kila wiki, na bado nimo.

Kuhusu kugonga nitasema kirefu kidogo maana ndipo wazee tunapoumia. Ile kimura unayofundishwa, kufuli la kukunja mkono nyuma ya mgongo hadi bega likaze, ilipata jina mwaka 1951, mwanajudo wa Japani Masahiko Kimura alipomkunja Hélio Gracie, gwiji wa jiu-jitsu ya Kibrazili, mkono mbele ya watu uwanjani Maracanã. Mkono ulivunjika, Hélio hakugonga, kaka yake Carlos ndiye aliyerusha taulo. Sawa. Hélio alikuwa na miaka 38 na uwanja mzima unamtazama. Wewe una 53, ni Jumatano jioni, na wanaokutazama ni watu saba, wawili kati yao wanafunga mikanda. Kwenye kimura mimi sisubiri bega liume. Kiganja changu kikishavuka mgongo na kiwiko kikaanza kunyanyuka, nimegonga. Na kufuli la kisigino, lile la kusokota mguu, usilisubiri hata kidogo: goti halina kengele, kano huweza kukatika kabla maumivu hayajafika. Kanuni za IBJJF, shirikisho la mashindano ya mchezo huu, zinamkataza mkanda mweupe kulitumia, lakini mazoezini wapo wanaojaribu walichokiona kwenye simu. Mkono ukibanwa, gonga kwa mguu au sema kwa sauti.

Mchezo wako nao ubadilike. Roberto Correa, wanayemwita Gordo, aliumia goti, na katika kulikinga ndipo akaijenga nusu gadi, yaani kupigana ukiwa chini huku umeunasa mguu wake mmoja kwa miguu yako, ikawa silaha. Kabla yake watu waliiona kama mahali pa kupumulia tu. Nusu gadi ni nyumba nzuri kwa sisi: goti lako la juu limekaa kifuani pake kama ngao, mkono wako umepita chini ya kwapa lake. Hukimbizani na mtu. Anza raundi umekaa, usianze kwa kuangushana na mtu anayekuzidi kilo 20, maana magoti mengi huumia mtu akikuangukia kwa pembeni. Ukikunjwa magoti yakaja usoni, usiviringike juu ya shingo. Pita begani au achia. Na vidole: mtu akivuta mkono wake kwa nguvu, achia mshiko. Mimi sikuachia kwa miaka sita, leo kufungua kifuniko cha chupa naomba msaada.

Uoga? Kuna watu kwetu siwachukui kabisa, na wanajua. Mkanda mweupe mwenye miezi mitatu, kilo 95, anapumua kama treni: namwambia "hii napumzika, baba", naenda kunywa maji. Namtafuta mkanda mweusi, huyo ananibana kabisa lakini najua atasimama nikigonga. Siku zako tatu zitawanye, iwepo siku ya kupumzika katikati. Raundi tatu zinatosha. Siku mbili nyingine nyanyua vyuma, miguu na mgongo hasa. Kama una presha au unatumia dawa ya kupunguza kuganda kwa damu, daktari aambiwe wazi kwamba huu ni mchezo wa kukabana, usimwambie "mazoezi mepesi".

Zambarau26:

Shikamoo mama, shikamoo mzee. Naomba nisemee upande wetu sisi tunaowakalia.

Kusema kweli tunawaogopa. Mzee akipambana kama anazama, nami najikuta naongeza nguvu, na hapo ndipo "ko" inapotokea. Wengi mnabana pumzi. Uso unabadilika rangi, mwili unakuwa gogo, sijui kama nikuache au umejipanga kunigeuza. Ukipumua nasikia, nami nalegeza. Halafu tuambieni mapema! Kuna mzee mmoja kwetu, kabla ya kupeana mikono anasema "bega la kushoto bovu, shingo usiguse", basi. Hajawahi kuumia mikononi mwangu.

MkandaMweupe53:

Marahaba kijana. Dada BibiKabali, shikamoo, na asante sana.

Nimekaa wiki mbili zaidi kisha nikarudi juzi. Mke wangu ameitoa gi mwenyewe, kwa sharti la raundi mbili. Ya kwanza nilimwomba mwalimu tuanzie nusu gadi, yeye juu, akiipita miguu yangu tunarudia. Alipita mara tisa. Mara ya kumi nikapata ule mkono chini ya kwapa, nikashangaa hadi nikasahau cha kufanya, akapita. Raundi ya pili nilikuwa na yule yule wa goti tumboni. Nikamwambia "ubavu wa kulia". Akaomba radhi karibu dakika nzima, tukabakiwa na nne. Nimegonga mara tano, moja kwa uzito tu. Aliniangalia kama vile nimemdanganya.

Na mashindano je? Au nisahau?

BibiKabali:

Usisahau, ila usiharakishe. IBJJF humweka mtu kwenye makundi ya umri yanayoitwa Master tangu mwaka anaotimiza 30, na kwa miaka 53 wewe ni Master 5, yaani wa 51 hadi 55. Pambano la mkanda mweupe ni dakika 5. Utakutana na mtu ambaye naye anashuka ngazi kinyumenyume. Kwanza fikisha mwaka mzima bila kuumia.

MkandaMweupe53:

Sawa dada. La mwisho: tangu juzi sikio la kushoto limevimba, ukiligusa ni laini, kama kuna maji ndani. Zambarau26 ameniandikia pembeni kwamba wao hutoboa kwa sindano wenyewe.

BibiKabali:

Zambarau, nakuona. Mdogo wangu, usitoboe. Hiyo ni damu imekusanyika, ikiachwa inagandia humo na sikio linabaki na mafundo. Hospitali leo, usingoje kesho, na mkekani usirudi hadi wakuruhusu. Ukirudi, vaa kinga ya masikio.