Anemoni ua la mwamba kajificha nyuma ya jiwe: nimtoe au nimwache?

Mwambao aliuliza:

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu.

Nina tangi la maji chumvi la lita 150, linakaribia mwaka sasa. Matumbawe laini yanaendelea vizuri, na samaki ni wawili tu, samaki klauni dume na jike. Wiki iliyopita nilileta anemoni, yule mnyama laini wa baharini anayefanana na ua, wa aina ya ua la mwamba. Uso wake ni kijani kibichi, katikati rangi ya machungwa, na minyiri yake mifupi imejaa vinundu vyeupe kama shanga. Nilimweka juu ya jiwe la mbele kwenye mwanga mzuri, mahali ambapo kila anayeingia chumbani atamwona. Kulipokucha nikamkuta chini, na usiku uliofuata akapita hadi nyuma ya jiwe, kwenye ufa ulio kati ya jiwe na mchanga. Yuko huko mpaka leo. Nusu ya uso iko kwenye mwanga, nusu kivulini. Taa zikizimwa anajikunja na kuzama, unabaki unaona kishimo tu.

Naomba kujua: nimng'oe nimrudishe mbele? Huyu anataka mwamba au mchanga? Maana kila ninapouliza napewa jibu tofauti. Chakula nimpe mara ngapi? Na mbona samaki wangu hawasogei kukaa kwake?

Vipimo vya jana: chumvi 1.025, joto nyuzi 25, amonia sifuri, naitreti 8, alkali 8.5. Fosfeti bado sijapima.

Chujio alijibu:

Mkuu, maji yako hayana tatizo. Kitu cha kwanza nenda kaangalie pampu za kusukuma mkondo. Anemoni anayetembea usiku akifika kwenye mdomo wa pampu ananyonywa, na asubuhi unakuta vipande vipande na maji yameanza kuwa meupe. Funga sponji yenye matundu makubwa kwenye kila pampu na kwenye bomba la kupeleka maji kwenye chujio, na uisuuze mara kwa mara isizibe.

Kuhusu alipo, mimi ningemrudisha kwenye mwanga, kisha nimlishe kila siku mpaka apate nguvu. Bila mwanga atapauka.

Dada Minyiri alijibu:

Kaka Chujio, hilo la pampu ni ushauri wa dhahabu, na Mwambao alifanye leo leo. La kumng'oa siliafiki, na la kulisha kila siku pia siliafiki. Nimekaa na hawa viumbe muda mrefu, nawapenda kuliko chochote kingine ndani ya tangi, na wengi niliowaona wakifa hawakuuawa na maji mabaya. Waliuawa na mikono ya watu.

Mwambao ndugu yangu, sahau kidogo uso ule mzuri, tuzungumze mguu. Anemoni huyu asili yake ni bahari ya Karibi na maeneo ya jirani, kuanzia Florida na Bermuda kushuka hadi Brazili. Kule anakaa kwenye nyufa za miamba na kwenye vipande vya matumbawe yaliyovunjika. Mguu unashika jiwe chini kabisa, mara nyingi jiwe lililofukiwa, na mwili unapanda katikati ya mchanga hadi uso utandazwe juu. Kwa hiyo wote waliokujibu wana sehemu ya ukweli: mguu wataka mwamba, uso wakaa juu ya mchanga. Akitishwa anajivuta chini mara moja, na samaki anayekula anemoni anabaki na mchanga mdomoni. Hicho kishimo unachokiona usiku ndicho kinga yake. Anemoni anayeweza kuzama namna hiyo ameshika vizuri chini.

Sasa angalia jiwe la mbele ulikomweka. Juu ya jiwe mguu uko wazi, mwanga unaupiga, mkondo unaupiga, na hana pa kujivuta. Lazima aondoke. Ametafuta ufa mwembamba, wenye giza chini na mwanga juu, na ameupata. Kwa maelezo yako ameshatulia, na ni habari njema sana hiyo.

Ukitaka kuhakikisha, mtazame kwa karibu mchana akiwa amefunguka. Chukua tochi, usimguse. Ubavuni, chini kidogo ya minyiri, utaona mistari ya vinundu vidogo, kwa wengi vina wekundu. Vile vinanata, na anemoni mwenye afya huvibandikia chembe za mchanga na vipande vya kombe kuzunguka mwili wake. Ukikuta amejivika mchanga hivyo, ujue amehamia rasmi. Kisha tazama mdomo, ule mstari wa katikati penye rangi ya machungwa. Ukiwa umefumba, au umeachama kidogo tu, hana shida. Ukikuta umelegea wazi, vitu vya ndani vinatokeza nje na havirudi, mwili umelala kama kitambaa kilicholowa na minyiri hainati tena, hapo ndipo pa kuingilia kati. Mnuse maji yake. Anayeoza hafichiki, na anatakiwa atoke siku hiyo hiyo kabla amonia haijapanda.

Kumng'oa aliyeshika ni hatari kwa sababu mguu unachanika, na jeraha la mguu ndilo baya kuliko yote kwao. Minyiri ikikatika inaota. Mguu ukipasuka, vijidudu vinaingia na mara nyingi hapati nafuu. Hata dukani, mimi naanza na mguu: naomba ageuzwe, na nikiona mchaniko au nyama inaning'inia simchukui hata awe na rangi gani. Aliyefika akiwa bado ameshikilia kipande cha kombe au kijiwe, mwache nacho, uzike vyote pamoja.

Kwa hiyo ukitaka kumwona, badili mazingira yake. Yeye mwenyewe usimguse. Kama jiwe la mbele linasogezeka bila kugusa ufa wake, lisogeze. Au zungusha taa kidogo ili mwanga uingie pale. Anahitaji mwanga wa wastani, kwa sababu ndani ya mwili wake kuna mwani mdogo sana unaomtengenezea sehemu ya chakula. Lakini hataki jua la saa sita mchana. Ukiongeza mwanga, ongeza polepole kwa wiki kadhaa. Mwanga mkali wa ghafla unamfanya autapike ule mwani, naye anabaki mweupe. Akigeuka kahawia, hiyo ni dalili ya mwanga hafifu, mwani umezidi kuongezeka. Huyo anarudi polepole ukimpandishia taa, hakuna haja ya kukimbizana.

Chakula: mara moja au mbili kwa wiki yatosha. Kipande cha kamba mbichi kisichozidi ukubwa wa mdomo wake, au uduvi wachache waliogandishwa ukawayeyusha kwanza. Zima pampu, dondoshea polepole kwa sindano isiyo na ncha, karibu kabisa na minyiri. Utaona minyiri ya upande ule inajikunja ndani, uso wote unainuka na kufunga kama mfuko, mdomo unafunguka na chakula kinapotea taratibu. Baada ya dakika kumi hivi washa pampu. Ukimpa kila siku au vipande vikubwa atavirudisha, na vinachafua maji.

Usishtuke kesho yake ukimwona amesinyaa na kutoa kifurushi cha ute wa kahawia mdomoni. Hana tundu jingine, mdomo ndio huo huo wa kuingizia na kutolea. Atajaza maji tena na kufunguka, mara nyingi siku hiyo hiyo.

Samaki wako waache. Aina za anemoni ambazo samaki klauni huishi nazo baharini ni kumi tu, zote za bahari ya Hindi na Pasifiki, na huyu si mmoja wao. Hawajawahi kukutana. Wapo klauni wa matangini wanaojilazimisha, ila minyiri hii ni mifupi, haiwezi kumficha samaki, na anemoni anasumbuliwa mpaka anakataa kufunguka. Ukitaka mwenzake wa kweli, tafuta yule kamba mdogo wa kahawia mwenye madoa meupe, anayebeba mkia juu. Anapanda juu ya uso na kucheza katikati ya minyiri, na anemoni wala hajali. Ni kitu kizuri mno kutazama.

Mwambao:

Dada, asante sana. Nimekwenda na tochi. Ameshika mchanga ubavuni, pande zote, na kuna kipande cha kombe kimebanwa hapo hapo. Mdomo umefumba. Sitamgusa. Pampu nimezivisha sponji, kaka Chujio nakushukuru.

Nimebaki na mawili. Upande wa kulia kuna tumbawe la uyoga, liko umbali wa vidole viwili hivi. Litaungua? Halafu nina hamu ya kumwongeza mwenzake wa rangi nyingine. Wakikaa karibu watapigana?

Dada Minyiri:

Umefanya vizuri kutazama kabla ya kushika. Umenifurahisha.

Wao kwa wao hawana ugomvi. Unaweza kuwapanga bega kwa bega hadi minyiri ikagusana, ndiyo maana watu wanatengeneza bustani nzima ya rangi kwenye kona moja ya tangi. Sumu yao ni hafifu, lakini matumbawe wanayalalia na kuyaunguza wakiyafikia. Uso wake ukikomaa unaweza kufika sentimita 15, kwa hiyo vidole viwili ni padogo. Hamisha uyoga, maana huo unavumilia kuhamishwa.

Huyo wa pili mwandalie nyumba kabla hajafika. Tafuta jiwe lenye tundu la kina cha kidole, au panga vijiwe vitatu vikutane chini ya mchanga viache ufa. Mlinganishe joto kwanza kwa kuuacha mfuko wake uelee tangini, kisha mdondoshee maji ya tangi polepole. Zima pampu, mshushe mguu kwanza, na umfunike na kikapu cha plastiki chenye matundu hadi ashike. Wengine wanashika ndani ya saa moja, wengine wanataka usiku mzima. Akishatoka hapo na kwenda mahali pengine kwa hiari yake, umkubalie.

Na kabla hujanunua dawa yoyote ya samaki, soma chupa. Yenye shaba isikaribie tangi hilo hata tone. Itamuua yeye na kamba wote.

Kiwambaza alijibu:

Naongezea la watoto, kwa vile umetaja kuweka wawili. Hawa hawajigawanyi kama wale anemoni wenye vibofu kwenye ncha za minyiri. Wana dume na jike, na jike hulea watoto ndani ya mwili wake kisha huwatema mdomoni wakiwa tayari na minyiri yao. Mimi niliona mmoja wangu amevimba, nikadhani anaumwa, kumbe jioni mdomo ukafunguka na vidude vyeupe visivyofika ukubwa wa punje ya mchele vikaanza kutoka kimoja kimoja na kuelea. Rangi zao zinakuja kuonekana baadaye, na si lazima zifanane na za mama.

Tatizo ni kwamba wengi wanaishia kwenye chujio. Dada, wewe unawashikaje?

Dada Minyiri:

Nikiona wanatoka nazima pampu zote na kumwacha mama amalize. Huwa wanadondoka karibu na alipo. Nawanyonya kwa bomba la plastiki nene, nawahamishia kwenye kisanduku cha matundu madogo ninachoning'iniza humo humo tangini, ili wapate maji yale yale na joto lile lile. Chini naweka vipande vya kombe na vijiwe vya ukubwa wa harage, kila mtoto ashike chake. Hapo baadaye ukitaka kumhamisha unabeba kijiwe, hugusi mguu.

Chakula chao ni artemia, vijiduvi vidogo sana vya maji chumvi, walioanguliwa siku hiyo, kidogo kidogo, mara tatu hivi kwa wiki, na mabaki uyanyonye. Konokono wanaokula mwani waweke, ila kaa wa kwenye makombe watoe humo, wanawang'oa watoto ili wapate kombe. Na usisafishe maji hadi naitreti na fosfeti ziwe sifuri kabisa. Watoto kwenye maji matupu wanadumaa. Mwambao, naitreti yako ya 8 iache hapo hapo, na hiyo fosfeti ipime wiki hii utuletee jibu.