Naogopa nimetenda dhambi isiyosameheka (Mathayo 12:31). Naombeni ushauri

Sauti_ya_Pili

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Natumia jina la bandia kwa sababu jambo hili sijaweza kumwambia mtu yeyote, hata mama. Mimi ni binti, naishi Morogoro, nimelelewa Kilutheri, nimepata kipaimara na naimba kwaya ya vijana.

Kwa miezi mingi sasa nasumbuliwa na mawazo ya kumtukana Roho Mtakatifu. Sijawahi kuyatamka. Yanakuja yenyewe, maneno machafu kabisa ambayo siwezi hata kuyaandika hapa, na yanapenda kuja nikiwa katikati ya maombi au tukiwa tunaimba. Kadiri ninavyoyakemea ndivyo yanavyozidi. Natubu, nakaa kidogo, yanarudi, natubu tena. Usiku naweza kurudia sala moja mpaka nione imetoka sawasawa, na nikikosea neno naanza upya. Kazini nafika nimechoka.

Halafu nikasoma Mathayo 12:31-32, kwamba anayemkufuru Roho hatasamehewa katika ulimwengu huu wala katika ule ujao. Nikatafuta faraja mahali pengine, nikaangukia Waebrania 6, kwamba walioanguka baada ya kupewa nuru haiwezekani kuwafanya upya hata wakatubu. Na Waebrania 12:17, Esau aliyelia machozi na bado akakataliwa. Nimelia sana kwa ajili ya Esau, kwa kuwa najiona mimi.

Nimeacha kushiriki Chakula cha Bwana. Siku ya Meza natoka nje kimya kimya, au nasingizia tumbo. Mwalimu wa kwaya ameanza kuuliza.

Je, wazo tu linahesabiwa kuwa kufuru? Je, Waebrania inanihusu? Nishiriki au nisishiriki? Naomba mnijibu kwa upole, nimeumia vya kutosha.

Mama_Furaha

Pole sana mwanangu. Sina elimu ya kukufafanulia maandiko hayo, wapo humu wanaojua. Ila Mungu ninayemfahamu mimi hawezi kumtupa mtoto anayemlilia usiku hivyo. Nimekuweka kwenye maombi.

MzeeWaUsharika

Amen. Binti yangu, nimekuwa mwinjilisti kwa miaka mingi, na swali lako nimelisikia kwa watu wengi kuliko unavyodhani. Wengi wao walikuwa watu wanaompenda Mungu kweli.

Tuanze na andiko lenyewe, lakini usianzie mstari wa 31. Rudi mstari wa 14: Mafarisayo wamekwisha kufanya shauri la kumwangamiza Yesu. Mstari wa 22 analetwa mtu mwenye pepo, kipofu na bubu, Yesu anamponya, anaona na kusema mbele ya macho yao. Makutano wanaanza kujiuliza kama huyu ndiye mwana wa Daudi. Ndipo Mafarisayo, ili kuzima swali hilo, wanasema: "Huyu hatoi pepo, ila kwa Beelzebuli mkuu wa pepo." Ni watu waliosoma, wanaoyajua maandiko, wanaoona kazi ya Mungu mchana kweupe, na kwa makusudi wanaiita kazi ya Shetani ili watu wasimfuate Yesu. Tena hawahangaiki. Hakuna hata mmoja wao aliyelala macho akijiuliza kama amemkosea Mungu.

Marko anatusaidia zaidi. Sura ya 3:28-29 anaandika onyo hilo hilo, kisha mstari wa 30 anatoa sababu: "kwa vile walivyosema, Ana pepo mchafu." Kwa hiyo sababu ya onyo tumeandikiwa, hatuachwi tukisie. Halikutolewa kwa ajili ya neno lililopita kichwani mwa mtu bila ridhaa yake. Ni msimamo, ni moyo uliokwisha kuamua kumkataa Kristo ukijua.

Soma pia mwanzo wa onyo lenyewe, ambao wengi tunauruka kwa hofu: "Dhambi zote watasamehewa wanadamu, na kufuru zao watakazokufuru zote." Kufuru zao zote! Paulo anasema mwenyewe katika 1 Timotheo 1:13 kwamba hapo kwanza alikuwa mtukanaji, na katika Matendo 26:11 kwamba aliwashurutisha wengine wakufuru. Akapata rehema. Petro alilaani na kuapa kwamba hamjui Yesu, kwa sauti, mbele ya watu. Wewe hujasema lolote, na lile linalopita kichwani unalichukia.

Mwana_wa_Simba

Mimi nitakuwa mkweli. Hayo si mawazo, ni roho chafu inayonena ndani yako. Dada, funga siku tatu kavu, tafuta mtumishi mwenye upako akufungue. Ukiendelea kukaa na watu wa kukubembeleza utaangamia. Mawazo ya namna hiyo hayatoki kwa mtu aliyeokoka.

Muuguzi_Dodoma

Mwana_wa_Simba, kwa heshima zote, naomba tuwe waangalifu. Mimi ni Mkristo, naamini maombi, na nafanya kazi kitengo cha afya ya akili.

Dada, hayo uliyoyaeleza nayaona kwa wagonjwa. Kuna hali ambayo mtu huingiliwa na mawazo asiyoyataka, yanajirudia, na mara nyingi yanashambulia kile anachokithamini kuliko vyote. Mama anayempenda mtoto wake anaona wazo la kumdhuru. Mtu wa ibada anaona wazo la kumtukana Mungu. Ndiyo maana linakuumiza: limekukuta mahali unapopenda. Kisha mtu huanza kufanya kitu ili apate amani, ananawa tena na tena, au anahakikisha mlango umefungwa, au kama wewe, anarudia sala mpaka itoke sawasawa. Amani inakuja kidogo, halafu hofu inarudi na nguvu zaidi. Ni kama kukuna kipele.

Sisemi kwamba umeugua, siwezi kumpima mtu kwa maandishi. Nasema ni busara ukapimwe, kwa sababu hali hii inatibika. Kuna tiba ya mazungumzo ambamo mtu hufundishwa kuliacha wazo lipite bila kupigana nalo na bila kufanya lile tendo la kujituliza. Kuna dawa pia, daktari akiona zinafaa, na huchukua wiki kadhaa kuanza kuonyesha kazi, kwa hiyo usikate tamaa mapema. Najua ukisikia afya ya akili unafikiria kufungiwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Sivyo. Anza hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili. Unaingia asubuhi na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Na tafadhali usifunge kavu ukiwa hulali. Nimewaona waliofunga hivyo wakaletwa kwetu hali ikiwa mbaya zaidi.

Mwana_wa_Simba

Sijakataa hospitali. Ila msimwondolee mtu silaha ya maombi. Biblia inasema mpingeni Shetani naye atawakimbia.

Muuguzi_Dodoma

Aombe, ndugu yangu, tena sana. Ninachokataa ni kumwambia hajaokoka kwa sababu ya wazo analolichukia. Na kupinga si lazima kuwe kwa kelele. Kuendelea kuimba wimbo mpaka mwisho huku wazo linapita, bila kusimama kulijibu, huko nako ni kupinga.

Bereya_17

Naheshimu michango, ila tusilainishe Waebrania 6 kupita kiasi. Limeandikwa kama onyo na linapaswa kuogopwa. Wapo waliomwacha Kristo kweli. Tukisema halimhusu mtu yeyote tutakuwa tumelifuta.

MzeeWaUsharika

Ni kweli Bereya, na nashukuru umelisema. Ni onyo zito. Lakini linamwonya nani? Waliopokea waraka ule walikuwa wameteswa kwa ajili ya imani, sura ya 10 inasema walinyang'anywa mali zao. Baadhi walikuwa wanashawishika kumwacha Kristo warudi nyuma kabisa, wakatafute usalama kwingine. Mwandishi anawaambia ukimwacha huyu hakuna dhabihu nyingine, hakuna mlango wa pili wa toba. Anayemwogopesha hapo ni mtu anayeondoka. Binti huyu amesimama mlangoni anagonga huku analia. Na mara tu baada ya maneno yale makali, mstari wa 9, mwandishi anawaita wapenzi na kusema katika habari zao amesadiki mambo yaliyo mazuri zaidi, yaliyo na wokovu.

Kuhusu Esau, soma Mwanzo 27 polepole. Alilia nini? "Nibariki mimi, mimi nami, Ee babangu." Alitaka urithi na baraka alizokwisha kuziuza kwa chakula. Hatuoni mahali akimlilia Mungu amsamehe, na sura inapokaribia kwisha anapanga kumwua ndugu yake. Machozi ya Esau na machozi yako hayafanani, binti yangu. Yeye alililia kile alichokosa, wewe unamlilia Mungu.

Msomaji_Usiku

Naongeza kitu kwa sababu kilinisaidia mimi nilipopita njia inayofanana na hii. Yupo Mwingereza wa karne ya 17, John Bunyan, yule wa kisa cha Mkristo mwenye mzigo mgongoni anayesafiri kwenda mji wa mbinguni. Alizaliwa 1628 karibu na Bedford, kazi yake kutengeneza masufuria yaliyotoboka. Alipokuwa kijana mwenye mke na watoto wadogo, akili yake ilivamiwa na maneno ya kumshawishi amuuze Kristo. Mezani, kitandani, kazini, maneno yale yale. Alipigana nayo mpaka mwili wake ukawa unatikisika. Siku moja kwa uchovu likapita moyoni wazo la kumwacha Kristo aende akitaka, na papo hapo akaamini ameangamia.

Na unajua ni andiko gani lilimwandama baada ya hapo? Ni hilo hilo la Esau, Waebrania 12. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikalia, kwa sababu nilidhani ni mimi peke yangu duniani niliyewindwa na mstari ule.

Haikuisha kwa siku moja. Neno lililomshika ni Yohana 6:37, "wala ye yote ajaye kwangu sitamtupa nje kamwe." Ameandika kwamba yeye na Shetani walivutana kwa ajili ya neno hilo, huyu huku na yule kule. Baadaye akawa mhubiri, akafungwa jela miaka 12 tangu 1660 kwa kukataa kuacha kuhubiri. Mtu aliyeamini amemuuza Kristo alikaa gerezani miaka yote hiyo kwa kuwa hakukubali kumnyamazia.

Zaburi ya 88 nayo, isome ukiwa huna maneno. Inaishia gizani, haina mstari wa furaha mwishoni, na bado imewekwa ndani ya Biblia kuwa sala.

Sauti_ya_Pili

Nimesoma yote nikiwa kwenye daladala, ikabidi nigeukie dirishani watu wasinione. Mungu awabariki. Mzee, sikuwahi kuusoma mstari wa 30 wa Marko, sijui nimeupitaje siku zote hizi.

Bado naogopa Meza ya Bwana. 1 Wakorintho 11 inasema anayekula isivyostahili anajipatia hatia ya mwili na damu ya Bwana. Mimi na mawazo haya nitastahilije? Na Muuguzi, hofu imekwisha kurudi mchana huu, nikataka kuandika tena kuuliza je, na kama safari hii niliridhia wazo?

MzeeWaUsharika

Angalia kilichokuwa kinatokea Korintho. Mstari wa 21: mmoja ana njaa, mwingine amelewa. Wenye vyakula walitangulia kula na kuwaaibisha wasio na kitu, katika karamu ya Bwana. Kula isivyostahili kulikuwa huko, kumdharau ndugu mliye naye mezani. Ndiyo maana akimaliza anawaambia wangojane. Na mstari wa 28 unasema mtu ajihoji, na hivyo aule mkate. Umejihoji miezi mingi. Ile sehemu ya kula ndiyo hujaifanya.

Nawe umepita kipaimara, umefundishwa Katekisimo Ndogo ya Luther. Inauliza nani anayestahili, na jibu si mtu mwenye kichwa kisicho na mawazo mabaya. Ni yule anayeyaamini maneno haya, "kwa ajili yenu." Luther mwenyewe alipambana na majaribu mazito ya moyo, alijua anamwandikia nani.

Ila usiende peke yako. Mwone mchungaji wako kabla ya siku ya Meza, umweleze kama ulivyotueleza. Ukishindwa kusema, mpe simu asome. Anafungwa na siri ya maungamo.

Muuguzi_Dodoma

Swali lako la mwisho, dada, sitalijibu, na nakuomba usinielewe vibaya. Nikikujibu leo kwamba hukuridhia, utatulia mpaka jioni, kesho utauliza kwa namna nyingine. Mzee amekwisha kukuonyesha andiko linasema nini, na andiko halitabadilika usiku. Hofu ikikuuliza tena, usitubu upya kwa jambo lile lile, na usifungue simu kuja kuuliza humu. Sema Baba Yetu mara moja tu, hata kama umekosea neno, kisha ulale au uendelee na kazi. Mara za kwanza itakuuma. Acha iume, itashuka.

Ukizidiwa, ukafika mahali pa kuona afadhali usiishi, hapo usisubiri kliniki. Mwambie mama au yeyote aliye karibu akupeleke hospitali muda huo huo.

Mama_Furaha

Na mama yako umwambie hata bila hilo, mwanangu. Sisi kina mama tunajua mtoto halali. Anakusubiri useme.

Sauti_ya_Pili

Amina. Mchungaji nimemtumia ujumbe, amesema nije Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya. Muuguzi, nikifika hospitali naanzia dirisha gani, na je, nitaulizwa sababu mbele za watu?

Muuguzi_Dodoma

Anzia mapokezi kama mgonjwa yeyote, beba kadi ya bima kama unayo. Sema unaomba kumwona daktari wa afya ya akili kwa sababu ya kukosa usingizi na wasiwasi. Hayo yanatosha pale dirishani. Mengine utayasema ukiwa ndani, mlango umefungwa. Yaandike kwenye karatasi kabla hujaenda, kwa maana ukifika utasahau nusu.