Waliokulia mwaloni (ufukweni samaki wanaposhushwa) Kigoma, tupeane uzoefu: kazi na michezo ya mtoto wa ziwani

Mwana wa Mwambao
Wakuu, heshima kwenu. Kuanzia Kagunga hadi Kalya, mtoto wa kando ya Ziwa Tanganyika huanika dagaa kabla hajajua kusoma vizuri. Tuweke hapa mambo yale yalivyofanyika, na vipimo vyake. Majigambo ya nani alikuwa bingwa tuyaache.

Chanja Kavu
Naanza na dagaa, maana ndiyo shule yenyewe. Mitumbwi inarudi alfajiri na dagaa wanatakiwa wawe wameanikwa kabla jua halijakolea. Watandaze tabaka moja tu, samaki asilale juu ya mwenzake. Ukiwarundika, wa juu wanakauka, wa katikati wanaiva kwa joto lao wenyewe, wanageuka rangi ya kutu na kutoa harufu ya mafuta yaliyoharibika. Mnunuzi akichovya mkono katikati ya gunia, umekwisha.

Baada ya saa tatu au nne, mgongo ukishang'aa na kukakamaa, wageuze kwa fagio la vijiti, taratibu. Ukigeuza mapema wanashikana na mchanga na vichwa vinakatika. Jua likiwa kali, siku moja inatosha. Kipimo: mkunje mmoja. Akivunjika kwa mlio, tayari, akipinda, bado. Kilo tatu hadi nne za wabichi hutoa takriban kilo moja ya wakavu.

Kosa la watoto wengi lilikuwa kufunga gunia dagaa wangali na joto la jua. Wanatoa jasho humo ndani, na siku chache baadaye ni ukungu mtupu. Waache wapoe kivulini kwanza.

Mwana wa Mwambao
Na mchanga je? Dagaa wa kutafuna kokoto ndio walioharibu jina la Kigoma.

Chanja Kavu
Dawa yake ni chanja. Nguzo za kufika kiunoni, juu nyavu kuukuu zenye matundu madogo, zikazwe zisibonyee. Upepo unapita juu na chini, kuku hawafiki. Kunguru ndiye hakomi, kwa hiyo mtoto wa kulinda bado anahitajika. Masika ni balaa: wingu likifunga, funika kwa turubai, lakini mvua ikikatika tu funua, la sivyo wanavunda.

Karabai
Jioni kazi ilikuwa kuandaa karabai, taa za pampu za kuvutia dagaa usiku. Mafuta ya taa yasijazwe hadi juu. Acha robo ya tangi iwe ya hewa, vinginevyo pampu haina cha kusukuma. Washa spiriti kwanza, bomba lipate moto, ndipo upige pampu. Ukiharakisha, moto unakuwa wa njano, unatoa masizi na soksi, kile kitambaa kinachotoa mwanga, inakuwa nyeusi. Soksi ikishaungua mara ya kwanza inabaki jivu, kwa hiyo taa ibebwe kama mayai. Tone la maji kwenye kioo chenye moto, kioo kinapasuka. Siku hizi taa za betri zimeondoa ufundi wote huu, na sioni haja ya kuulilia.

Mbalamwezi ikiwa kubwa hakuna safari: dagaa hufuata mwanga, na ziwa zima likiwa na mwanga taa haivuti kitu. Ndizo siku za kushona nyavu.

Ndoano Ndogo
Kuvua kwa ndoano kwenye miamba: nailoni, ndoano ndogo, chambo nyungunyungu au tonge la ugali mgumu, boya kipande cha ndala. Chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoano, lifungwe kwa uzi dhaifu kuliko nailoni. Likinasa kwenye jiwe unavuta, uzi unakatika, unapoteza chubwi peke yake. Wasiojua walipoteza ndoano kila siku.

Mwalimu wa Afya
Kuogelea nako kuna kanuni. Kichocho kipo ziwani. Konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye matete, na vijidudu huwa vingi majini kuanzia jua la asubuhi likipanda hadi alasiri. Kwenye mawimbi na mchanga mweupe hatari hupungua, haiishi. Anayekojoa damu apelekwe zahanati, asipewe mizizi. Karibu na midomo ya mito kama Malagarasi msiingie kabisa, kuna mamba.

Ndoano Ndogo
Mkuu, wazee walisema ukijifuta haraka na kitambaa hupati kichocho.

Mwalimu wa Afya
Usitegemee hilo. Vijidudu hupenya ngozi ndani ya dakika chache, mara nyingi ukiwa bado majini.

Mama wa Mawese
Hamjafika jikoni. Dagaa wakavu wakaange kidogo bila mafuta, wasuguesugue, uwasafishe mara mbili kwa maji ya uvuguvugu haraka haraka. Ukiwaloweka muda mrefu wanavunjika. Mawese yapashwe moto hadi povu litulie, kitunguu, nyanya, kisha dagaa. Chumvi onja kwanza, maana wengine wameshatiwa chumvi mwaloni. Ugali uwe wa muhogo.