Cdk5 inafanya nini nje ya ubongo? Nimepata sifuri

Mwana-Birere (Goma)
Jambo yenu wakubwa. Niko mwaka wa pili wa biomedikali hapa Goma. Mtihani uliuliza: taja kazi moja ya Cdk5 nje ya seli za neva. Nikaandika bila wasiwasi: hakuna. Daftari langu, nililoandika tukiwa watu 200 darasani na mvua inapiga mabati, linasema "Cdk5, kinasi ya ubongo" (kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine). Wino mwekundu umepenya hadi ukurasa wa nyuma. Sasa kama iko pia kwenye kongosho na mafuta, kama mwalimu alivyoandika, kwa nini tunaiita ya ubongo? Na huko inatafuta nini? Msinipe Kifaransa cha vitabu, hicho ninacho.

Kadutu_Labo (Bukavu)
Pole mdogo wangu. Daftari halikudanganya, lilikatiza maneno tu. Wewe ni wa Goma, fikiria chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili. Ziko kila kona, lakini isiyo na msukumaji ni mbao zimeegemea ukuta. Cdk5 imo karibu katika kila seli ya mwili, ila peke yake haifanyi kitu. Msukumaji wake ni protini iitwayo p35 (ana ndugu yake, p39), na hao wamejaa kwenye neva. Jina lenyewe nalo ni la ajabu: ukoo wake ni kinasi za mgawanyiko wa seli, na neva iliyokomaa haigawanyiki!

Seli za beta za kongosho, zile zinazotoa insulini, zina p35 pia. Sukari ikipanda, kalsiamu inaingia ndani ya seli, insulini inatoka. Mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba Cdk5 inabandika fosfeti kwenye mlango wa hiyo kalsiamu na kuupunguzia nguvu. Panya wasio na p35 walitoa insulini zaidi sukari ilipopanda. Kwa hiyo ni breki. Ungeandika hilo tu.

Yaya_Katuba (Lubumbashi)
Usimfundishe "breki" ukaishia hapo, bwana. Mwaka 2001 wengine walipata kinyume, kwamba Cdk5 inasaidia insulini kutoka. Mimi nawaambia wanafunzi wangu wabebe yote mawili.

Kwenye mafuta ndiko kutamu. Mwaka 2010 kundi la Bruce Spiegelman, Boston, lilitazama panya walionenepeshwa. Unene unaleta uchochezi, uchochezi unafanya p35 ikatwe iwe p25, kipande kinachodumu zaidi, na Cdk5 inabandika fosfeti kwenye PPAR-gama, protini inayoongoza jeni za seli za mafuta, mahali paitwapo serini ya 273. Adiponektini, homoni ya mafuta inayosaidia insulini kufanya kazi, inashuka. Rosiglitazoni, dawa ya kisukari, inaziba palepale. Niliposoma nikasema basi, toa Cdk5 kwenye seli za mafuta, yaishe. Mwaka 2015 waliitoa. Fosfeti kwenye serini ile ikaongezeka! Kumbe Cdk5 ilikuwa inaizuia kinasi nyingine, ERK, na ERK ilipoachiwa ikafanya kazi ileile, na hali ya panya ikazidi kuwa mbaya, insulini ikawashinda zaidi kufanya kazi.

Mwana-Birere
Yaani nimemnyang'anya mtu chukudu, jirani yake akatoka na yake kubeba makaa yaleyale. Aksanti yaya. Hiyo p25, siyo ile wanayoitaja kwenye Alzheimer?

Yaya_Katuba
Ndiyo hiyohiyo. Mkasi unaoikata p35 huko kwenye neva unaitwa kalpaini, na unaamshwa na kalsiamu.

Mwana-Birere
Kalsiamu tena. Ngoja nitafute daftari jipya.